Watu wa maji walipuliza moshi kwenye sewer, ukatokea kwenye gata nilizofunga mimi

Wakuu, habari za huko mliko.

Wacha nianze na hili: hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Nimekaa Eastlands miaka thelathini na nne. Nimeona nyumba ikimalizwa Jumatatu na kubomolewa Ijumaa. Nimeona ploti moja ikiuzwa kwa watu watatu, na wote watatu wana karatasi. Mimi nikiambiwa kitu huwa nasema tu "sawa", halafu naendelea na chai yangu.

Kwa hivyo mkisikia nasema kuna siku nilisimama barabarani mdomo wazi, mjue haikuwa mchezo.

Haya ni yangu mwenyewe. Sikuyasikia kwa rafiki wa rafiki. Na kama kuna mahali nitajisifu, mnivumilie, kwa sababu nilicho nacho sikupewa na mtu.

Shule niliacha darasa la sita. Nilitoka Vihiga nikiwa na miaka kumi na saba, nikafikia kwa binamu yangu Mukuru kwa Reuben, nikaanza kubeba zege. Kutoka zege nikaingia kwa mafundi wa bomba, nikiwashikia spana. Hakuna aliyenifundisha. Niliangalia tu, jicho likashika.

Leo niko na ploti ya orofa nne Baba Dogo. Vyumba ishirini na nane. Hakuna benki iliwahi kunikopesha hata ya kununua msumari.

Na bomba zote za hiyo nyumba, kutoka tanki la juu mpaka shimo la barabarani, nilifunga mimi.

Si kwangu tu. Barabara yetu ina ploti kumi na mbili. Kwa tisa ukiuliza ni nani alifunga bomba, utaambiwa Baba Faith. Ndio huyu anaandika.

Sasa shida.

Mbele ya lango langu kuna manhole ya sewer, lile shimo la majitaka lenye kifuniko. Ndiyo ya mwisho kwa barabara yetu kabla laini haijateremka kufuata mto, kwenda kule kwenye mtambo wa kusafisha majitaka. Kila mvua ikinyesha, hiyo manhole inachemka. Kifuniko kinacheza kama cha sufuria ya githeri. Uchafu unamwagika barabarani, unapita mbele yangu bila hodi, unaingia mtoni.

Mto wenyewe mnaujua. Siwezi kuuongelea nikiwa nimetoka kula.

Lakini ya barabarani ilikuwa nafuu. Mbaya ilikuwa ya ndani. Laini ikishajaa, maji yanarudi nyuma, na mahali pa kwanza yanapopata njia ni drain ya jiko la Mama Shiru, lile tundu la sakafuni.

Mama Shiru ni mpangaji wangu wa chini, chumba cha kuangalia barabara. Ana hoteli pale, ile ya benchi nne na jiko mbili za makaa. Anapikia watu wa viwanda vidogo vya huku: chapo, ndengu, matumbo, chai. Amekaa kwangu miaka kumi na moja. Amesomesha watoto watatu kwa hiyo jiko, na wa mwisho bado yuko chuo. Kodi hajawahi kuchelewesha. Wale mna nyumba za kukodisha mnajua mpangaji kama huyo huwa anaombewa kanisani.

Afisa wa afya alikuwa amepita mara mbili akakuta sakafu imelowa. Mara ya pili alimwambia wazi: nikikuta hivi tena, nafunga.

Mama Shiru akanijia. Hakupiga kelele. Huyo mama akikasirika, sauti inashuka badala ya kupanda.

"Baba Faith," akasema, "mimi sina mahali pengine pa kutoa karo. Masika ikinipata hapa na hii drain iko hivi, nitahama. Sikutishi. Nakuambia tu, usije ukasema hukuambiwa."

"Hiyo ni watu wa maji," nikamwambia. "Laini yao ni nyembamba. Nitawaleta hapa nikiwa nimewashika masikio."

"Walete. Na uwashike vizuri, kwa sababu mwaka jana uliwashika wakateleza."

Wateja wakacheka, chai ikawapalia. Nikaondoka hapo nikiwa na hasira ya kutosha wiki nzima.

Nikaanza safari za ofisini kwao.

Wakuu, mimi naweza kubeba mfuko wa simiti orofa nne bila kupumzika, lakini ofisi ilinichosha. Dirisha la kwanza linakutuma la tatu. La tatu linasema hiyo ni ya mtu wa mashinani. Mtu wa mashinani hana ofisi, ana namba, na namba haishikwi. Siku moja niliambiwa mwenye faili yangu ameenda lunch. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nikarudi nyumbani nikachukua karatasi, nikapita mlango kwa mlango, nikakusanya sahihi. Barabara nzima. Hata Kamaa aliweka, na Kamaa hupenda kuniona nikishindwa. Kamaa ni jirani wangu, ana ploti ya orofa tatu juu kidogo ya barabara, anauza vipuri vya pikipiki, na mdomo wake hauna breki. Bomba zake pia nilifunga mimi.

Sahihi zikafanya kazi. Wakamtuma injinia.

Mimi nilitarajia mzee wa tumbo na koti. Akaja msichana, umri wa binti yangu, na gumboots na kitabu. Injinia Mueni. Tukafanya mkutano palepale kando ya manhole, watu kama arobaini.

Nikaongea. Mnielewe, mimi nikisimama kuongea, watu hukaa. Nikawaambia watu wa maji ndio wanaua mto. Nikawaambia kila mwezi tunalipia maji na tunalipia sewer, na sewer yenyewe inarudi kwetu kama mtoto aliyefukuzwa shule. Nikamaliza na kusema dawa ni moja: wachimbe, waweke laini kubwa. Watu wakapiga makofi.

Injinia akangoja makofi yaishe.

"Mzee, wakati wa kiangazi hii manhole humwagika?"

"Hapana."

"Hata Jumamosi, watu wote wakiwa nyumbani wanafua?"

"Hapana. Nimekuambia ni mvua."

"Asante." Akaandika.

Nikafikiri ameandika kwamba mimi ni shahidi mzuri.

Siku chache baadaye wakaleta vikaratasi, wakavitupa chini ya kila mlango. Kizungu kitupu, maandishi madogo kama mchwa. Nilisoma mistari miwili, nikampa Mama Shiru, akafungia mtu mandazi. Na hapo, watu wa maji, mkisoma hii, mko na makosa. Unaandikia Baba Dogo kama unaandikia mahakama? Hiyo karatasi ndiyo ilikuwa inaeleza wanachokuja kufanya na kwa nini. Hakuna mtu barabara nzima aliisoma mpaka mwisho.

Jumatano asubuhi wakafika na mashine.

Ni kama ile pampu ya kupulizia dawa, lakini kubwa, yenye feni. Wakafungua manhole yangu, wakaiwekea mashine juu kama kofia. Injinia akatangaza: tunapuliza moshi ndani ya laini, hauna sumu, hauna harufu, ukiona umetokea mahali usiogope.

Mimi nilikuwa mbele kabisa, mikono nimekunja. Nikawaeleza watu: wanatafuta mahali laini yao imepasuka. Leo mtaona aibu yao.

Mashine ikanguruma. Tukangoja.

Moshi wa kwanza ukatokea juu ya paa langu, kwenye lile bomba la kupumulia la choo. Mweupe, umenyooka.

"Mnaona?" nikasema. "Hilo ni la hewa. Moshi ukitoka hapo, jueni fundi alijua kazi yake."

Watu wakatikisa vichwa. Nikajisikia vizuri.

Halafu Kamaa akasema, "Baba Faith, na ule mwingine?"

Nikaangalia. Moshi ulikuwa unatoka kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa wa kukinga mvua. Si mahali pamoja. Gata yote ya mbele, kutoka kona mpaka kona, ilikuwa inatoa moshi kama nyumba inaiva.

"Kwako kunapikwa nini?" Kamaa akauliza kwa sauti.

Kabla sijamjibu, moshi ukatokea kwenye gata zake mwenyewe. Halafu ploti inayofuata. Halafu ng'ambo. Watoto wakaanza kukimbia barabarani wakihesabu: nne, tano, sita. Mama mmoja akatoka na karai la maji akitafuta moto. Ikafika tisa, ikasimama.

Zile tatu nyingine, moshi ulitoka kwa bomba la hewa peke yake. Gata kavu, kimya.

"Hizo tatu zilifungwa na nani?" mtu mmoja akauliza nyuma.

"Na wale mafundi Baba Faith alituambia hawajui kazi," Kamaa akamjibu.

Wakuu, huo ndio wakati nilishangaa.

Hapa lazima niwaeleze, la sivyo mtaniona mjinga. Mimi gata za paa niliziunganisha na sewer kwa makusudi. Sikukosea. Nilikuwa nafanya hivyo miaka ishirini na nikiwashauri wenye ploti wafanye vivyo hivyo, na nilikuwa na sababu: sewer huziba. Mafuta, nywele, vitambaa. Sasa ukiingiza maji ya mvua, yanakuja kwa nguvu, yanasukuma kila kitu, laini inaoshwa bure na Mungu. Hiyo ilikuwa siri yangu. Wateja walinipenda kwa hiyo. Nilikuwa nasema, "Mimi nikikufungia, hutawahi kuita mtu wa kuzibua."

Na ni kweli, kwao hakukuwa kunaziba. Kulikuwa kunamwagika kwangu.

Injinia akanijia pembeni. Hiyo nampa heshima, hakunisomea mbele ya watu.

"Mzee, mvua kubwa ya saa moja kwa paa moja kama lako inaleta maji mengi kuliko ambayo wapangaji wako wote wanamwaga siku nzima. Sasa weka paa tisa."

"Basi wekeni laini kubwa."

"Tukiweka kubwa, uchafu utafika mtoni haraka zaidi, basi. Kule kwenye mtambo kuna vijidudu ndivyo vinakula uchafu. Maji ya mvua yakiingia mengi yanavisomba vyote, na kwingine tunalazimika kuyapampu kwa stima. Tunachoma stima kusukuma maji safi ya mvua, tukishayachanganya na choo. Halafu yakizidi yanaenda mtoni hivyo hivyo. Dawa ya bei rahisi kuliko zote ni kutoa maji ya mvua humo ndani."

Nikamwambia, "Binti yangu, mimi nilianza kufunga bomba kabla hujazaliwa."

"Najua mzee. Ndio maana ziko tisa."

Notisi ikaja: siku ishirini na moja kila mtu atoe gata zake kwenye sewer.

Nilikataa. Nasema ukweli kwa sababu niliahidi kusema yaliyonipata mwenyewe. Nilisema huo moshi ni ujanja wa kutafuta kitu kidogo. Nilisema moshi si maji, moshi hupita popote. Wenye ploti wakajaa langoni kwangu jioni mbili mfululizo, wakiniuliza kama mimi ndiye nitalipia. Kamaa alikuja na kiti chake, akakaa, kama amekuja sinema.

"Ulituambia ni Mungu anaosha," akasema. "Sasa mwambie Mungu avunje hii simiti."

Mama Shiru hakuja langoni. Aliniuliza tu asubuhi, akinipa chai: "Kwa hivyo ni wewe?"

"Si mimi. Ni laini."

Akageukia chapati zake. Sauti ilikuwa imeshuka mpaka ikaisha.

Siku ya tisa ya notisi, saa saba mchana, mvua ikanyesha. Haikuwa hata masika, ni ile ya kupita njia. Nusu saa tu. Lakini saa saba ndiyo saa hoteli imejaa, na nilikuwa mle ndani.

Drain ikakoroma. Kifuniko chake kikainuka, kikasogea kando. Maji yakapanda.

Watu wakapandisha miguu kwenye benchi. Msee mmoja wa welding alikunja magoti juu ya benchi kama kuku, akaendelea kula. "Mimi nimeshalipa," akasema. Mama Shiru alikuwa anainua gunia la unga na beseni ya unga uliokandwa, na unga wa chapati ukilowa huo ni wa kutupa, hakuna hesabu nyingine. Sufuria ya ndengu ilikuwa chini. Hiyo ikaenda.

Nikaingia na gumboots kuziba drain na gunia. Nikainama.

Na nikaona pegi.

Zile pegi za plastiki za kuanikia nguo. Ya buluu, ya njano, mbili nyekundu. Zilikuwa zinatoka kwenye drain, zinaelea katikati ya jiko.

Wakuu, kwangu nguo huanikwa mahali pamoja tu: juu, kwenye paa. Hakuna kamba nyingine.

Nilisimama na hiyo pegi ya njano mkononi nikifuata njia yake kichwani, kama fundi. Ilianguka kwenye slab yangu ya juu. Mvua ikaisukuma kwenye gata yangu. Ikateremka na bomba langu, ikaingia chemba yangu, kile kishimo bomba zote zinapokutana, ikakuta mbele kumejaa, ikapanda kwa drain yangu. Safari yote hiyo, haikugusa mali ya watu wa maji hata inchi moja.

Moshi ningebishana nao mpaka leo. Pegi sikuweza.

Mama Shiru akaokota moja. "Hii ni ya Mama Junior wa orofa ya tatu," akasema. "Anazitafuta tangu juzi."

Nikamwambia, "Mama Shiru, nipe wiki mbili."

Aliangalia ndengu sakafuni, halafu mimi. "Afisa wa afya hakuja leo. Mungu amenipendelea. Lakini hatanipendelea mara mbili. Wiki mbili, Baba Faith. Si wiki mbili za fundi. Zile za kalenda."

Siku hiyo hiyo nikampigia Injinia simu. Nikamwambia nitatoa gata zote tisa, na kazi ya mkono sitalipisha mtu. Kwa sababu mimi ndiye niliwashauri, na mimi siachi kazi mbaya ikiwa na jina langu.

Akaniambia, "Vizuri mzee. Anza na kwako. Paa lako ndilo kubwa zaidi na liko karibu na manhole. Na jiko liko kwako."

Sasa sikilizeni kosa langu, kwa sababu hili ndilo linaniuma kuliko lile la gata.

Sikuanza na kwangu. Nilianza kwa Kamaa.

Kwa nini? Kwa sababu Kamaa ndiye alikuwa na mdomo. Nilitaka barabara nzima inione nikimalizia huyo kwanza, aache kunitaja. Nilihesabu siku moja kwake, halafu nirudi kwangu.

Ikawa siku nne. Zege la Kamaa nilimwaga mimi miaka kumi na mbili iliyopita, na zege langu halivunjiki, naapa. Nilipiga nyundo mpaka mabega yakalia. Kutoka hapo mwenye ploti ya pili akasema kama umeshafika mlangoni malizia na hapa. Halafu wa tatu. Kila mtu akanisifu. Mimi sifa huwa zinanilevya, mke wangu amesema hivyo kwa miaka mingi. Siku ya kumi na mbili ya zile wiki mbili nilikuwa ploti ya nne, nikiwa bado sijagusa bomba moja kwangu.

Siku ya kumi na tatu mvua ikanyesha.

Haikuwa mbaya kama ile nyingine, kwa sababu paa nne zilikuwa zimetoka. Manhole haikuchemka sana. Lakini paa langu peke yake lilitosha. Maji yakapanda mpaka kwenye vifundo vya miguu jikoni kwa Mama Shiru, na mara hii afisa wa afya alikuwa barabarani.

Hakufunga. Mama Shiru alimwambia, "Usijisumbue, nimeshafunga mwenyewe."

Asubuhi nikamkuta anatoa sufuria nje.

"Mama Shiru, siku moja imebaki. Nianze leo, kesho ni kavu."

"Najua utamaliza, Baba Faith. Wewe ni fundi, hiyo hakuna mtu anaweza kukunyang'anya." Akafunga kamba kwenye mzigo. "Lakini nilikuwa nakuona kila siku ukipita hapa na nyundo ukienda kwa wengine. Wiki mbili zangu ulizigawa huko juu."

Nikamshikia upande wa pili wa mzigo.

"Unaenda wapi?" nikauliza.

Akaonyesha kwa kidevu tu. Juu ya barabara. Kwa Kamaa, kile chumba cha mbele alichokuwa anaweka matairi.

Kamaa mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na fagio. "Baba Faith, asante kwa kazi safi," akanipigia kelele kutoka huko. "Chemba imekauka, hata harufu hakuna. Karibu chai, tunafungua kesho."

Nilitoa gata zangu kwa siku mbili. Sikulala sana, sikula sana, na sikuongea na mtu. Nikaweka matanki mawili ya kukinga maji ya paa, nikaweka bomba la kumwaga yakizidi. Halafu nikamalizia zile ploti zilizobaki.

Na hapo tena watu wa maji walinipandisha joto. Maji yakizidi kwenye tanki yanatakiwa kwenda mtaro wa barabara, si ndio? Mtaro umejaa takataka mpaka juu. Nikauliza ofisi, wakaniambia mtaro si wetu, ni wa kaunti. Nikaenda kaunti, wakaniambia andika barua. Yaani mnanipa siku ishirini na moja nitoe maji, na hakuna mtu anajua yanakwenda wapi! Niliuzibua mimi na wapangaji, Jumamosi mbili, kwa koleo.

Masika ikaja. Ile ya kweli, ya usiku kucha na mchana kutwa.

Manhole ilinyamaza. Kifuniko hakikucheza. Nilisimama hapo na mwavuli nikiingoja kama mtu anangoja deni, haikutoa hata tone. Barabara ilipitisha maji ya mvua tu, rangi ya udongo, bila ile harufu. Siwadanganyi kwamba mto ulikuwa msafi, huo una wachafuzi wengine wengi kutoka huko juu. Lakini uchafu wetu haukuwemo. Injinia alikuja kuangalia, akatabasamu, akaandika kwenye kitabu chake. Ameniambia barabara zingine tatu zinataka kufanyiwa hivyo, na aliniuliza kama naweza kuja kuongea na mafundi. Nikamwambia nitafikiria. Nitaenda, lakini wacha aombe mara ya pili.

Wapangaji wanatumia maji ya tanki kuoshea nguo na kumwagia choo. Bili ya maji imeshuka. Kwa hivyo hapo watu wa maji wamepata faida mara mbili: hawasafishi mvua yangu, na hawaniletei maji mengi ya kusafishwa kutoka mbali. Mimi ndiye nimewafanyia kazi. Cheti sijaona.

Jiko la Mama Shiru liko kavu kabisa. Unaweza kulala sakafuni. Hakuna mtu ndani.

Somo langu ni hili, na nalisema kwa wenye ploti wote, Donholm mpaka huku. Panda juu ya paa lako leo. Fuata bomba la gata mpaka chini, uone linaingia wapi. Likiingia kwenye chemba ya choo, wewe ndiye unamwaga uchafu kwa jirani aliye chini yako na mtoni, hata kama kwako ni safi. Usingoje moshi. Na kama una kazi mbili, anza na mahali pana mtu anaumia, si mahali pana mtu anaongea.

Na kwa watu wa maji: mko na dawa nzuri na hamjui kuinywesha. Bomba nyingi za huku Eastlands zinafungwa na watu kama mimi, wa darasa la sita. Tuiteni mapema, tuonyesheni kwa Kiswahili, kabla ya simiti kukauka. Mtaokoa mto kwa bei ya chai na mandazi. Laini kubwa si lazima. Niliipigania hiyo laini kubwa kwa mdomo wangu wote, na nilikosea.

Haya, wakuu. Waliopuliziwa moshi kwao waseme. Mafundi wenzangu pia, najua mko humu na mna gata zenu mahali, msijifiche. Mwenye kunitukana anitukane, lakini asome yote kwanza.

Na najua wa kwanza ku-comment atauliza tu, "Ilikula ngapi?" Nimejumlisha mabomba, matanki, simiti, unga na ndengu nilizomlipa Mama Shiru, miezi ambayo kile chumba kimekaa bila mtu, na chapo mbili na chai niliyoenda kunywa kwake juzi, kule kwa Kamaa, akanitoza kama mteja yeyote:

Shilingi 237,640.